Mzabibu Nilioukata Aprili

Jumanne, mwanzoni mwa Aprili. Jua limetoka hapa Rayners Lane, huku ughaibuni, lakini halina joto, ni la kutazama tu dirishani. Nina hasira, na afadhali niandike kuliko kumkaripia mtu.

Asubuhi nimepogoa mzabibu ulio nyuma ya nyumba. Tuseme nilijaribu. Mkono wa kulia haukazi tena. Mkasi ulikuwa unalitafuna tawi badala ya kulikata. Kila mara ilibidi nikae juu ya ndoo niliyoifudikiza, nitafute pumzi. Nilipochoka kabisa, nusu ya mti ilikuwa bado.

Halafu maji yakaanza kudondoka. Kila nilipokata palitoka tone, na jingine, mpaka uzio ukalowa. Huku mzabibu hukatwa wakati wa baridi kali, ukiwa umelala. Ukisubiri majira haya, maji yameshapanda kutoka mizizini.

Jirani yangu, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, akachungulia juu ya uzio.

"Mwalimu! Unaukata au unautesa?"

"Naukata."

"Mbona unalia hivyo? Nasema mti. Wewe bado sijakuangalia."

Binti yangu Neema akatoka na sare yake ya unesi, akanichukulia mkasi taratibu. "Baba anafuata kalenda ya Dodoma, anti," akamwambia. "Kwetu mizabibu hailali. Unavuna mara mbili kwa mwaka, na kila ukivuna unakata. Amesahau tu yuko wapi."

Kisha akanigeukia. "Tutaukata Desemba, Baba. Mimi na wewe."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtoto aliyeahidiwa pipi.

Hilo ndilo linaloniudhi.

Sikusahau. Nimefundisha kilimo maisha yangu yote, na nimeishi hapa vya kutosha kuyajua majira ya mti wangu mwenyewe. Nilijua utavuja. Niliukata kwa sababu Desemba sitaiona.

Daktari alituambia sote wawili, katika chumba kimoja, kwamba moyo wangu umechoka na hakuna la kufanya. Neema alielewa kabla yangu. Tangu siku ile anazungumzia Krismasi, koti langu jipya la baridi, na sasa mzabibu. Nami namwachia. Nimekubali kuonekana mzee aliyechanganyikiwa, maana ni rahisi kuliko kumwambia mwanangu kwamba naondoka. Nilikuwa najidanganya kwamba huo ni upole.

Ni woga.

Mti hautakufa kwa maji hayo. Vidonda vitakauka, utachipua. Utaharibika nikiondoka kabla Neema hajajua pa kukata: utajaa majani matupu. Naye atabaki akiamini kwamba baba yake alikufa hajui tofauti ya Aprili na Desemba. Hapana. Hilo silikubali hata kaburini.

Kesho hana shifti. Nitamtoa nje, nimwonyeshe kwenye ile nusu iliyobaki macho ya kuacha, pale tawi linapochipulia, na matawi ya kuondoa. Nitamwambia wazi, "Desemba utaukata peke yako, mwanangu."

Akilia, nitamwacha alie. Uongo wa kumbembelezea nimeumaliza leo.