Kufuli Liko Kwenye Pipa la Taka

Mwanangu,

Maharage yako jikoni, bado chumvi. Shati lenye damu nimeliloweka, liache.

Ndiyo, damu ya baba yako. Tulia, ni mzima. Alfajiri aliamka kutafuta lori lake la enzi za udereva, kama kawaida yake, akakuta lile kufuli ulilotia mlangoni kumzuia, akapitia dirishani. Akaanguka, akapasuka paji la uso. Nikaita gari la wagonjwa.

Akagoma kupanda. Eti dereva habebwi nyuma kama gunia. Yule muuguzi wa gari hakumvuta. Alimwambia tu, "Mzee, hebu nikagulie matairi kabla sijaondoka." Baba yako akalizunguka gari, akipiga teke tairi moja moja, muuguzi nyuma yake na pamba mkononi. Walipofika tairi la nne, kidonda kimefungwa na presha imepimwa. Muuguzi akasema hospitali si lazima, wodini angezidi kuchanganyikiwa. Nimwangalie leo, akitapika niwapigie tena.

Kisha muuguzi akaniuliza, kufuli la nini? Nikakosa pa kuficha uso. Aibu ni yako, lakini nimeibeba mimi.

~~Ukirudi tuzungumze.~~ Hakuna cha kuzungumza. Kufuli liko kwenye pipa la taka, na kuanzia kesho akiamka natoka naye mimi.

Sasa hivi tuko kwenye benchi la gereji hapo jirani, anakagua matairi ya watu. Tukirudi tukute mlango wazi.

Mama yako, na bado mke wa mtu.