Hesabu ya Nyumba Yetu

Ufilipino, 1995

Mama Achieng',

Hamjambo huko Homa Bay? Mimi mwili uko salama, ila miguu haitulii. Mafunzo ya kufuga samaki yakiisha jioni, natembea ufuo wote wa mji huu mdogo, narudi, kisha naanza tena.

Kwenye ukuta wa manispaa wamepaka rangi idadi ya watu, kila mwaka waliohesabiwa. Mama mwenye nyumba ananiambia palipo na idadi iliyoshuka kimbunga kilipita, na mji ukasogezwa mbali na bahari.

Leo karani wa sensa ametukuta tukila samaki wa kukausha, karibu watamu kama obambla yako. Alipomaliza na wenyeji, akanigeukia kwa udadisi tu: "Na wewe, kwako mko wangapi?"

Unajua kwetu watoto hawahesabiwi, ni kuwaitia mabaya. Nikamwambia, "Nitakupa majina." Nikakutaja wewe na mama yangu. Nikamtaja Achieng' aliyezaliwa jua likiwaka, Otieno wa usiku, Odhiambo wa jioni. Kisha nikafika kwa mdogo wao, karani kalamu mkononi. Nilikuacha na tumbo la miezi minane, na huu ni mwezi wa pili sijapata barua. Nikainuka, nikatoka nje.

Nakupenda, na wote hapo nawapenda. Usihangaike na barua ndefu. Niambie tu alizaliwa saa ngapi, au kama mvua ilikuwa inanyesha. Jina nitalijua mwenyewe.

Baba Achieng'