Mawifi Wawili, Baiskeli Moja

Jumanne, 10 Juni
Nimeosha baiskeli tena. Vumbi la Karatu halina adabu, linaingia hadi kwenye mnyororo niliopaka mafuta jana tu. Asubuhi niliongoza wageni watano katikati ya mashamba ya kahawa, Oldeani. Wawili walishuka wakasukuma. Mmoja alitapika, akacheka, akaendelea. Mgeni wa hivyo nampenda.

Kiangazi kimeingia, na mashindano mwaka huu ni sita. Baiskeli ya maana ya mlimani tunayo moja. Mgeni mmoja alituachia mwaka juzi, mimi na wifi yangu Paskalina, dada yake mume wangu. Akasema ni yenu nyote wawili, akapanda ndege kwenda kwao. Basi tunapokezana. Shindano la kwanza langu, la pili lake, hivyo hivyo. Sikupiga hesabu vizuri. La sita, la Oldeani, mwanamke wa kwanza anapewa baiskeli mpya. Na ni zamu yake.

Inaniuma. Sitasema uongo humu.

Jumapili, 22 Juni
Daa. Wa tatu! Mteremko wa mwisho niliachia breki, mengine nikamwachia Mungu. Paskalina alikimbia pembeni akinitukana kwa Kiiraqw nisilegee. Ilisaidia. Miguu inatetemeka hadi sasa. Nimekula ugali wa watu wawili.

Jumatano, 9 Julai
Leo kwa miguu. Wageni, askari wa hifadhi na mimi, ukingoni mwa kreta. Ukungu mzito hadi saa nne. Kisha ukafunuka kama sufuria, na nyati wale pale chini. Nimezaliwa huku, nina miaka thelathini na minne, na bado nilisimama nikitazama kama mgeni.

Jumapili Paskalina alikuwa wa pili. Mlimani ananizidi, nakubali. Mteremkoni hanioni.

Jumamosi, 26 Julai
Miiba ya migunga inatumaliza. Pancha tatu wiki hii. Dawa ya kuziba matairi imekwisha, na Arusha nimeambiwa hamna. Nimefanya ujanja. Nimekata matawi ya mnyaa kwenye ua, nikakinga utomvu wake mweupe unaonata, nikauchanganya na maji, nikausukuma ndani ya tyubu kwa bomba la sindano ya ng'ombe. Nilivaa miwani. Utomvu wa mnyaa na jicho havipatani, huku kila mtu anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Mama mkwe akauliza nafanya nini. Nikasema nasafisha.

Jumapili, 27 Julai
Wa pili. Nimepita juu ya miiba kama lami. Wenzangu wanaziba pancha, mimi naenda. Paskalina ameuliza siri ni nini. Nikamwambia ni sala. Nilijisikia mjanja sana.

Jumapili, 10 Agosti
La nne Jumapili iliyopita lilikuwa la Paskalina. Leo la tano, zamu yangu ya mwisho. Wa tatu tena. Nimechoka vizuri. Wiki nzima wageni, Jumapili mashindano, na sijawahi kuwa na kiangazi kitamu hivi. Limebaki moja.

Alhamisi, 14 Agosti
Juzi niliongeza utomvu kwenye tyubu. Sikumwambia. Leo Paskalina alichukua baiskeli kufanya mazoezi njia ya Oldeani. Tairi likachomwa mwiba. Akainama, akauchomoa, tyubu ikamtemea utomvu jichoni.

Amerudi ameshikwa mkono na mama mmoja mchuma kahawa. Jicho la kulia limevimba, halifunguki. Analia kimya kimya. Mama mkwe alikuja mbio na kikombe cha maziwa amtie jichoni. Nikapiga kelele maji, maji tu! Nimemmwagia ndoo mbili, tukaenda hospitali. Amefungwa bandeji. Daktari hajaahidi kitu.

Nikiwa nimeshika ile ndoo wazo lilinipitia: sasa zamu ni yangu. Lilipita haraka, lakini lilipita. Najichukia.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimemwambia yote. Mnyaa, sindano, ile sala ya uongo, hata lile wazo. Alikuwa kitandani amegeukia ukuta. Akasema, "Wifi, ungeniambia tu, ningevaa miwani." Basi. Angenitukana ningepona.

Jumatano, 20 Agosti
Wamefungua bandeji. Anaona ukungu na mwanga. Daktari anasema subira, na vumbi ni marufuku. Oldeani haendi.

Nikasema hata mimi siendi. Hapo ndipo alipowaka. "Jicho umeniharibia, na zawadi nayo unataka kuitupa? Nenda huko!" Nilifurahi kutukanwa.

Nimetoa tyubu ya mnyaa, nimeifukia nyuma ya choo. Nimeweka tyubu ya kawaida, kavu.

Jumapili, 24 Agosti
Nilitaka kupanda kwa jina lake, wakakataa. Basi nimepanda kwa jina langu. Mlima wote nilikuwa wa kwanza, mimi, mtu wa mteremko! Sijui nguvu zilitoka wapi. Kilomita mbili za mwisho, kwenye kona ya migunga, pssss. Pancha. Nilishuka nikaziba. Walinipita mmoja mmoja, wakinipa pole.

Wa sita. Baiskeli mpya imekwenda na dada mmoja wa Mbulu.

Ningeacha mnyaa ndani, ningeshinda. Nimeliwaza hilo mara nyingi, na kila mara naona afadhali sikuuacha.

Paskalina alikuwa kwenye utepe wa kumalizia, kofia na miwani nyeusi. "Wifi, ulikuwa unaziba pancha au unasuka mkeka?" Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, alinishika bega.

Jumamosi, 6 Septemba
Wageni wanapungua. Nimeosha baiskeli, nimeining'iniza kwenye msumari wake. Tumekubaliana mwakani yeye ndiye anaanza, na la sita litakuwa langu. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga.

Jioni tumekaa nje tukichambua maharage. Ghafla akaweka ungo chini, akafumba jicho la kushoto, akanikodolea lile la mnyaa. Amenitazama muda mrefu.

Akasema nina mvi mbili, juu ya sikio.

Nimeingia ndani kwenye kioo. Ni mbili kweli.