Nembo Juu ya Karatasi

Jumatatu, 4 Novemba
Mwanangu mdogo anaota meno. Hajalala, na mimi pia. Uji umeungua. Dada yake Felista kapewa kazi ya shule: achore nembo ya Taifa, aeleze maana ya kila kitu. Nimemwelekeza huku nasugua sufuria. Pamba miguuni kwa bibi, karafuu kwa bwana, wote wawili wameshika pembe za ndovu kando ya ngao. Mwenge, mkuki, jembe na shoka. Darasa langu la saba halikupotea bure.

Jumatano, 6 Novemba
Jirani wa shamba la marehemu mama kule Mgeta kapiga simu. Kuna watu wanakata mipichi yetu. Nikamwambia wamekosea mpaka. Sisi Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Bibi mzaa mama alimpa mama, mama kaniachia mimi, mimi nitamwachia Felista. Mlinzi wa ardhi hiyo ni Mjomba Mkude, ndugu wa mama. Jumamosi napanda mlimani.
Mwenge wa Felista umepinda. Nimeufuta, arudie.

Jumamosi, 9 Novemba
Nimefika kwa mjomba, mdogo mgongoni. Shikamoo. Marahaba, mpwa wangu, karibu magimbi. Nikauliza habari ya mipichi. Akaleta bahasha. Ndani hati ya kimila ya kumiliki ardhi. Juu kabisa wamesimama Bibi na Bwana. Chini yao jina la Gaspari, mwanawe wa kumzaa. Shamba la mama yangu.
"Si ulisaini mwenyewe?"
Kweli. Siku ya arobaini ya mama. Mjomba alileta fomu, akasema ni ya kulilinda shamba. Sikuisoma. Niliona nembo juu, nikajua karatasi ya serikali haidanganyi. Na haikudanganya. Kadanganya yeye, aliyenishika mkono nikijifunza kutembea kwenye matuta yale yale.
"Wewe wa mjini Kihonda, jembe utalishika na hizo kucha?" Anacheka. Kucha zangu zimejaa masizi.
Magimbi sikuyagusa.

Jumapili, 10 Novemba
Misa sikwenda. Nimelia nikifua nepi. Ukionewa kwetu unamshtakia mjomba. Akikuonea mjomba, unamshtakia nani?
Felista kaniletea mchoro. Nikamwambia auondoe machoni pangu. Katoka nao. Nimemkosea mtoto.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimepeleka malalamiko baraza la kata, kule kule mlimani. Karani kanipa fomu. Juu nembo ile ile. Nikaanza kusoma, mdogo ananyonya, foleni inaguna nyuma yangu, mmoja ananihimiza.
"Dada, saini basi, mvua hiyo."
"Nasoma kwanza."
Nimesoma mpaka mstari wa mwisho. Ndipo nikasaini. Mjomba ataitwa. Sijui itakuwaje.
Jioni nikamwomba Felista radhi, nikamwambia alete ule mchoro. Bibi kamchora mkubwa kuliko bwana, tena kambebesha mtoto mgongoni. Nikamwambia nembo ya Taifa haichezewi, mtoto afutwe. Kafuta, kanuna kidogo.
Ukubwa wa bibi nimejifanya sijauona.
Mdogo kalala. Jino limetoka.