Sukari ya Kwenye Sufuria

Ujerumani,
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Chamgei! Najua umeshajibu "chamgei mising" kabla Kipkirui hajamaliza mstari huu. Goti la baba linaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Na ile mvua ya mawe, imewaachia majani ya chai ya kuchuma? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Ile ya asubuhi kwenye shamba letu hapo Roret ni mtoto mbele yake.

Nimeandika kwa sababu kwa simu unaniambia "niko sawa," halafu network inapotea ghafla. Barua huwezi kuikata. Na wewe ndugu yangu Kipkirui, msomee mama polepole, usiruke mahali. Nakujua.

Mama, leo niruhusu nijisifu kidogo. Unajua kazi yetu huku ni kutafuta kwa nini wazee wengine wanafika miaka themanini wakibeba kikapu cha majani mgongoni, na wengine wanashikwa na sukari na presha hata kabla ya uzee. Ndio maana wale vijana wetu wa utafiti walikuja kwako mwaka jana na maswali, ukawapa mursik, maziwa yako ya kibuyu, mpaka wakasahau nusu ya maswali yenyewe.

Majibu ya Roret, Kapsoit na Siongiroi yalipofika, Profesa, mkubwa wetu, alifurahi mpaka akatuletea keki. Swali moja lilikuwa: "Unaweka vijiko vingapi vya sukari kwenye kikombe chako cha chai?" Wazee karibu wote walijibu, hakuna. Na bado wengi wao walikutwa na sukari kwenye damu. Basi Profesa akasema kwa watu hawa shida si chakula, ni uzee tu. Alikuwa tayari kwenda kuyasema hayo mbele ya madaktari wa nchi nyingi.

Kwanza nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. "Ni uzee tu" ndilo jibu ulilorudi nalo kutoka zahanati, ulipowaambia miguu inawaka moto. Ukakubali, ukavaa gambuti zako, ukarudi kuchuma. Sasa sisi wasomi tulikuwa karibu kulipiga jibu hilo muhuri, ili kila mzee wa kwetu aambiwe hivyo na arudishwe nyumbani. Haki niliumia.

Ndiyo siku nilikupigia kukuuliza unaweka sukari ngapi kwa kikombe. Unakumbuka ulivyonifokea? "Kwa kikombe? Kwani mimi ni mgeni wa hoteli? Sukari iko kwa sufuria! Ama huko Ulaya wamekusahaulisha kupika chai?" Nikauliza, sasa kwa sufuria unaweka ngapi? Ukasema, "Mpaka itoshe."

Mpaka itoshe! Nilikata simu nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kesho yake nilisimama kwenye mkutano. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kuisha, na anayeuandika ni huyo huyo Profesa. Nikasema swali letu ni bovu. Kwetu chai haitiwi sukari mezani. Majani, maziwa na sukari vinachemka pamoja, na anayejua kiasi ni aliyepika. Mzee aliyejibu "hakuna" hakudanganya. Sisi ndio hatukujua kuuliza. Profesa akawa mwekundu. Akaniuliza kama nataka kazi ya miaka miwili irudiwe kwa ajili ya chai ya mama yangu.

Nikamjibu, "Ndiyo, Profesa. Ya mama yangu, na ya mama wa kila mtu pale."

Alitoka bila kuaga. Nikaanza kupanga nguo kwenye sanduku. Siku ya nne akaniita. Kumbe alikuwa amewatuma wale vijana waingie jikoni mwa watu waone chai ikipikwa. Akasema, "Umetuokoa na aibu." Mama, maswali yanaandikwa upya, na anayeyaandika ni mimi! Mimi Chelangat, ambaye karani wa kituo cha majani alikuwa ananirudishia kikapu kila wiki kwa kuchuma majani mazee. Mwambie baba atembee Roret kifua mbele, goti au hakuna goti.

Sasa sikiliza, na usikasirike. Kipkirui ameniambia kwamba wale vijana uliwajibu vizuri, lakini walipotoa sindano ya kidole ukakumbuka ghafla ng'ombe hajakamuliwa. Najua unaogopa. Unasema jirani yetu alipimwa akafa mwezi huo huo. Hakuuawa na kipimo, mama, alichelewa. Miguu inayowaka moto inaweza kuwa sukari, na sukari ikijulikana mapema mtu anaishi nayo miaka mingi. Nimebishana na wakubwa kwa ajili ya wazee wa watu wote. Aibu yangu ni moja tu, kwamba sijaweza kukushinda wewe.

Nisalimie baba sana. Nisalimie kogo, bibi yetu, umwambie bado navaa sweta aliyonifumia. Msalimie senge Rael, shangazi yetu, na dada zake wa kwaya ambao najua watasomewa barua hii kabla jioni haijafika. Mchungaji pia, aendelee kuniombea.

Vijana wanarudi Roret mwezi ujao, na orodha ya watakaopimwa ninaiandika mimi. Nimeanzia mstari wa pili. Wa kwanza uko wazi, mama, na sitaweka hapo jina la mtu mwingine.

Binti yako anayekungoja,
Chelangat