Uji Ulioudai Mbele ya Bendera

Mdogo wangu mpenzi, Yosefu,

Na hilo la uji ndilo linalonichoma kuliko hata viboko ulivyopigwa. Nilianza kukueleza siku ile nilipokutembelea kule Ngerengere, msimamizi wa reli akakuita urudi kwenye mawe, nikabaki na maneno mdomoni. Leo nayamaliza.

Unaikumbuka sikukuu ya Kaisari? Ulichaguliwa wewe kutoa shukrani za wanafunzi kwa ajili ya sauti yako. Ulisimama mbele ya bendera, ukasoma yote uliyoandikiwa, mpaka Mjerumani mkuu wa shule akawa anatikisa kichwa kwa raha. Kisha ukaikunja karatasi, ukawageukia walimu.

"Walimu wetu, kwetu Uluguru mtu akiita watu kulima shambani kwake, huwapikia. Sisi tumeilima pamba ya shule masika yote. Nani ametupikia?"

Mama mmoja kando yangu akauliza huyu mtoto wa nani, leo atachapwa mgongo. Nikamwambia ni wa kwetu, anyamaze nisikie.

Ukapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, jioni ile ile, ukapelekwa relini. Mtoto wa darasani kubebeshwa mawe, kwa kuuliza chakula!

Kesho yake Mwalimu Aloisi akaingia shuleni na chungu cha uji kichwani, na kanzu yake nyeupe. Wenzake wakamcheka: amekosa mke hata ajitwike mwenyewe? Akawajibu, "Mke nitamtafuta kwenye ukoo wa yule aliyesema jana." Kicheko kikaisha. Siku chache baadaye kila mwalimu alikuwa analeta unga, na hakuna aliyekubali kuwapeleka watoto kwenye pamba na njaa.

Naye Aloisi akapanda mlima kwa mjomba, akanitafuta kweli, akanioa. Yosefu, sijui nikuelezeje. Nikimwona anapandisha njia na vumbi la chaki mikononi, moyo unanikimbia kama mwanambuzi. Ananiita "mwalimu wangu." Naamka nikicheka peke yangu.

Lakini juzi walikuja wageni kutoka Dar es Salaam. Mkuu wa shule akawaonyesha vyungu, akasema ni mpango wake. Walimu wote kimya. Jina lako halikutajwa. Mume wangu aliponisimulia niliacha ugali ukaungua. Nikamwambia, "Mmechukua ushujaa kwa mtoto, halafu mtoto mmemwachia mawe?" Usiku ule hakula.

Asubuhi akaenda kwa mkuu wa shule, akamwambia hataingia darasani wakati nafasi yako iko wazi. Walimu wawili wakasimama naye. Mjerumani akafoka, akatishia, mwisho akasema urudi, ila uombe radhi mbele ya bendera, pale pale uliposemea.

Usiombe. Hasira zangu hazijapoa hata kidogo, na sitaki uzipoze wewe kwa kupiga magoti. Aloisi amesema siku hiyo utasimama tu, na neno la kwanza watalisema walimu: kwamba uji ule ni wako, kwamba wao walikuwa wanaona njaa yenu na kunyamaza mpaka uliposema wewe. Wakichapwa, watachapwa watu wazima safari hii. Naogopa, sikufichi. Nimeolewa majuzi tu. Lakini ningemwonaje mume akikaa kimya mara ya pili?

Basi kunja mkeka wako, uweke tayari. Kabla mwezi huu haujaisha tutashuka Ngerengere kukuchukua, mimi na shemeji yako, na chungu cha uji nitakibeba mimi.

Dada yako, sasa mke wa mwalimu