Ulimbo kwenye Maji ya Ndege Wangu

Shangazi Sihaba,

Naomba unisaidie kabla hasira haijaniharibia ndoa. Nimeolewa hapa Dimani, na tangu kiangazi kilipokausha kidimbwi cha nyuma yetu nimekuwa nikiweka maji uani kwenye karai bovu, nimetia mawe ndani ili ndege wadogo wapate pa kusimama wasizame, na kile kipande chenye majani na mabua ya mtama nimekataa kisifyekwe mpaka vuli inyeshe maana ndiko wanakookota mbegu na kujificha jua, wakawa wanakuja tetere, chiriku, na chozi mmoja wa kifua chekundu ambaye alishanizoea, hata nikifua haruki.

Mwezi huu kaja kukaa kwetu shemeji yangu Nassibu, mdogo wa mume wangu, nikamkaribisha, nikampikia, kumbe ananiangalia tu ninavyoweka maji. Jumapili narudi kutoka shamba nakuta fito zimepangwa juu ya karai langu, zimepakwa ulimbo wa mfenesi, yule chozi kanasa mabawa yote mawili anahema mdomo wazi, na pembeni tundu limejaa chiriku wa kwenda kuuzwa Ikwiriri. Nikampaka chozi mafuta ya kupikia nimbandue, akanifia mkononi. Nikafungua tundu wakaruka wote, nikachoma zile fito, nikamwaga na maji, na tangu siku hiyo sijaweka tena.

Nassibu kanuna. Ananiambia, "Shemeji, ndege wa porini hawana mwenyewe." Mume wangu Fikirini anasema nimemdhalilisha mgeni, nimwombe radhi kabla mama mkwe hajafika. Niombe radhi kwa lipi? Na ndege bado wanatua kwenye karai kavu.

Mwajabu, Dimani

Mwajabu,

Pole sana. Anayewinda huhangaika porini. Shemeji yako alikaa kitako kivulini, akangoja kiu iwalete kwenye maji uliyoyateka wewe. Amekutumia kama chambo ndani ya nyumba yako. Radhi usiombe.

Lakini na wewe umenikera. Aliyekosa anakunywa kwenye mtungi wako kila siku, na wasio na kosa ndio uliowanyima maji. Hiyo ni haki gani?

Rudisha maji leo. Karai lihamishie peupe, karibu na mlango wa jiko unapoliona, mahali ambapo majani yako hayako mbali, wakishtuka wapate pa kukimbilia. Lisugue kila asubuhi, maji yaliyolala yana maradhi. Kisha mwambie Nassibu mbele ya mume wako, bila kupaza sauti: "Chakula changu karibu, shemeji. Ulimbo uani kwangu, hapana." Akirudia, afungashe.

Na wewe Fikirini, kama gazeti hili limekufikia, mgeni hawi juu ya mke. Mama akifika, usimwachie Mwajabu mzigo wa kujieleza. Mweleze wewe kilichofanyika uani kwako, mdogo wako akiwa amekaa hapo hapo anasikia.